Matope ya kulipia: nimeendesha gari la zamani la jeshi Uingereza, sasa nina swali kwa mashofere wa njia ya Mitwaba

Mutoto_wa_Kamalondo (mwenye uzi)

Jambo yenu wote. Wanaonijua wanajua kamioni yangu ni ile ya bluu inayopanda Mitwaba kutafuta mahindi, inashuka Likasi, halafu inaingia Lubumbashi, huku kwetu Katanga, Kongo. Mwaka jana mwezi wa pili nililala siku nne ndani ya matope upande wa Kyubo, kwenye njia hiyo hiyo: mimi, konvwayeri (msaidizi) wangu, na kuku wawili wa abiria ambao siku ya tatu hawakuwa tena kuku wa abiria. Hiyo si habari, nani hapa hajalala njiani.

Habari ni hii. Shemeji yangu, mume wa dada, anakaa Wiltshire kule Uingereza. Mwezi wa tano nilikwenda kuwaona. Jumapili moja asubuhi ananiambia, "Vaa viatu vibaya, twende tukacheze matope." Nilidhani Kiswahili chake kimechakaa kwa baridi. Mtu mzima, ana watoto watatu, anaamka mapema siku ya mapumziko kwenda kutafuta kile mimi nakikimbia mwaka mzima.

Gari lenyewe ni Land Rover ya jeshi lao, ile wanayoiita Wolf. Injini ya 300Tdi, lita 2.5, inakunywa mazutu (dizeli), hakuna kompyuta hata moja ndani. Jeshi likishamaliza kuyatumia linayauza, raia wananunua. Umeme wake ni volti 24 kama kamioni, viti vigumu kama benchi la kanisa, na usukani uko kulia.

Tulikwenda Salisbury Plain. Ni ardhi ya mazoezi ya jeshi, karibu hekta 38,000, kubwa kuliko zote walizonazo. Katikati yake kuna kijiji kinaitwa Imber. Novemba 1943 wanakijiji waliambiwa watoke ili askari wa Marekani wajifunze kupigana kati ya nyumba, na hawakurudi mpaka leo. Kanisa lao bado limesimama, hufunguliwa siku chache kwa mwaka. Shemeji aliniambia hayo kama mtu anayesoma orodha ya bei, mimi nikabaki kimya kidogo.

Msifikiri mtu anaingia kambini tu na gari lake. Kuna njia za zamani za umma zinazokata ile ardhi, na baadhi yake zinaruhusu magari. Gari liwe na namba, liwe na bima, kila kitu kama uko lami. Ukikuta bendera nyekundu imepandishwa, siku hiyo wanapiga risasi za kweli, unageuza. Na sehemu ambako mabomu yanaangukia imefungwa siku zote, hakuna cha bendera wala mazungumzo.

Sasa nilichokiona. Tulipofika mwisho wa lami, shemeji hakuingia. Alisimama, akatoka, akapiga magoti kwenye tairi la mbele, akatoa kofia ya valvu, akaweka kichuma kidogo. Psssss. Anatazama saa ya upepo. Kutoka kilo 2.4 mpaka 1.2 (tunasema kilo, wenyewe wanasema bar). Tairi likatuna pembeni kama shavu la mtoto anayekula. Akahamia la pili, la tatu, la nne. Mimi nimesimama na mikono mfukoni, naona aibu kwa niaba yake, kwetu mtu mwenye tairi la namna ile anaitwa maskini.

Mbele kidogo kukawa na dimbwi refu. Udongo wa kule ni chokaa nyeupe, ikilowa inateleza kama sabuni. Akasimama tena! Akakata fimbo, akavuka dimbwi kwa miguu, anachoma chini hatua kwa hatua, akarudi amelowa mpaka magoti, akaniambia shimo liko kushoto. Tukapita upande wa kulia, gia ndogo ya pili, bila kukanyaga mafuta. Gari lilitembea kama ng'ombe mzee anayejua nyumbani. Hakukuwa na kelele wala tope kuruka. Nilikuwa nimeandaa simu nichukue video, nikaona hakuna cha kuonyesha.

Na aibu yangu nyingine: pembeni ya njia niliona bomba la chuma lenye kutu, zito, nusu limezikwa. Mnajua sisi, chuma chakavu ni pesa. Nilishainua mguu nilitikise. Shemeji alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga. Kule kanuni ya kwanza ni usiguse kitu chochote kilicho chini, hata kama kinafanana na kopo la maziwa.

Swali langu basi. Nimeona kwenye intaneti kamioni za zamani za jeshi zinauzwa Ulaya, za magurudumu yote yanayovuta, manne au sita: ZIL-131, Ural, MAN, Unimog. Bei nyingine si mbaya. Je, nilete moja kwa ajili ya njia ya Mitwaba kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja? Kuna aliyewahi?

Bwana_Ruashi

Yaya, mi minauliza tu. Batu ba kule banalipa falanga juu ya kuingiza motoka mu matope? Siye tunalipa batu juu batutoshe mu matope! Waambie bakuye huku mwezi wa kwanza, tutabapatia ya bure, na mbu juu yake.

Mzee_Lufira

Mwanangu wa Kamalondo, umeona vizuri lakini umeangalia mbele tu. Siku nyingine ukikutana na kamioni ya jeshi ya namna hizo, zunguka uitazame kwa nyuma. Utaona kila upande wa ekseli una tairi moja, si pacha kama yetu.

Nimeendesha miaka thelathini na mbili, migodini na porini, na hicho ndicho nilichochelewa kuelewa. Tairi moja la nyuma linakanyaga palepale la mbele lilipokanyaga. La mbele limeshafinyanga udongo, la nyuma linakuta njia tayari. Ya kwetu nyuma ni mawili mawili: la nje linafuata mfereji, la ndani linalima mfereji mpya. Kila mita unalima shamba. Halafu kati ya yale mapacha linaingia jiwe, linabanwa, linakula mpira mpaka Likasi.

Na huo upepo shemeji yako alioutoa si mchezo. Gari linasimama juu ya upepo, si juu ya mpira. Ukitoa nusu ya upepo, alama ya tairi chini inakaribia kuwa mara mbili, uzito uleule unatandazwa mahali papana. Mwenye kulala juu ya mkeka hazami, mwenye kusimama kwa kisigino anazama. Hizo Ural na ZIL zina bomba linaloingia mpaka kwenye gurudumu, shofere anatoa na kurudisha upepo akiwa amekaa, gari linatembea. Warusi walijua barabara zao.

Mama_wa_Mahindi

Samahani wababa, mimi siendeshi, mimi ndiye ninayelipa. Hiyo ZIL mnayoisifu inabeba tani ngapi porini?

Mutoto_wa_Kamalondo

Mama, walioandika wanasema tani 3.5 nje ya lami.

Mama_wa_Mahindi

Tani 3.5 ni magunia 70 ya kilo 50. Nyinyi mnanishushia magunia 400 na zaidi kwa safari moja, na bado nalia na bei. Na injini yake ni ya esansi (petroli), V8, nimemuuliza mwanangu, ananiambia inakunywa lita 40 na kitu kwa kilomita 100. Kutoka Mitwaba mpaka hapa itakunywa mahindi yote iliyobeba. Nani atanunua huo unga? Kaka wa Kamalondo, wewe ulipendezwa na matembezi ya shemeji yako. Matembezi ni kitu kizuri. Lakini bukari (ugali) haipikwi kwa matembezi.

Bwana_Ruashi

Mama amefunga garaji 😂

Fundi_Katuba

Nimesoma yote. Niseme mimi ambaye hizi gari zinakuja kunifia mikononi.

Nimetengeneza Unimog mbili na Land Rover za jeshi nyingi. Ni vyuma vya kweli, sikatai. Unimog ina gia ndani ya kila gurudumu, kwa hiyo ekseli inakaa juu ya kitovu cha tairi, jiwe linapita chini bila kugusa difu, zile gia za katikati ya ekseli. Uzuri huo una karo yake: hapo una mahali pane zaidi pa kuangalia mafuta. Ukivuka mto, kesho yake fungua kila kitovu uangalie. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Waliokuja kwangu hawakuwahi kufungua hata kimoja, mpaka gia ziliposagika wakaniambia "ilianza tu kupiga kelele jana".

Jambo la pili ni volti 24. Mtu ananunua gari, anataka redio na chaji ya simu za volti 12, basi anachomoa waya kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inakondeka, mwenzake inachajiwa kupita kiasi inachemka. Miezi mitatu zote mbili zimekufa, na lawama kwa Wazungu. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12, ni bei ya betri nusu.

La tatu, na hili limevunja ekseli nyingi kuliko matope: watu wanafunga difu ya kati, au wanaunganisha ekseli ya mbele, kisha wanatoka na gari hivyo hivyo kwenye lami. Kwenye tope magurudumu yanateleza kidogo, chuma kinapumua. Kwenye lami kavu hayatelezi, na kwenye kona la mbele linatembea njia ndefu kuliko la nyuma. Nguvu inajikunja ndani kama kamba ya nguo inayokamuliwa. Mwishowe kitu kinakatika, na hakikatiki mbele ya garaji yangu.

Sasa Mzee Lufira, shikamoo, lakini hapo kwa upepo nakupinga kidogo. Unayosema ni kweli kwa tairi moja moja. Huyu kijana ana mapacha nyuma, na amebeba tani ishirini. Akitoa upepo mwingi, mapacha yanatuna, mashavu yanagusana, yanasuguana, yanapata moto, yanapasuka. Na tairi lenye mpira wa ndani likilegea, linazunguka kidogo juu ya rimu, mpira wa ndani unavutwa, valvu inang'oka. Nimeona valvu zilizong'oka kama meno.

Mzee_Lufira

Marahaba fundi. Hapo umenikamata, mimi nilikuwa nasema ya jeshi. Basi mwambie atoe kiasi gani.

Fundi_Katuba

Yake anajaza kilo 8, najua kwa sababu mimi ndiye ninayemjazia. Aende 5, asishuke zaidi akiwa na mzigo. Mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na akishatoka kwenye tope asiende hata kilomita tano kabla hajarudisha upepo. Usiniulize atarudisha kwa kitu gani, kamioni ya breki za upepo ina kompresa yake yenyewe chini ya kofia! Nyingi zina mdomo wa kuchukulia upepo karibu na tangi za breki. Nusu ya mashofere wa mji huu hawajawahi kuutazama. Mpira wa mita kumi na tano na kichwa cha valvu, basi.

Kijana_wa_Kasapa

Naingilia kidogo, nasoma mambo ya viumbe pale chuo. Umetaja Salisbury Plain na madimbwi. Kuna kijidudu cha maji kule, jamaa wa kamba wa baharini, kidogo kama ukucha, kinaogelea chali. Kinaishi kwenye madimbwi yanayokauka tu, maana dimbwi la kudumu lina samaki wa kukila. Mayai yake yanakaa ndani ya udongo mkavu yakingoja mvua. Na kinachoyasambaza ni magurudumu na minyororo ya vifaru, tope linashika hapa linadondoka kule. Kwa hiyo hapo jeshi linachimba mashimo na kupanda mbegu bila kujua.

Na sisi tunao wa kwetu: kwenye mabonde ya Lufira kuna vijisamaki vya rangi, Nothobranchius, vinafanya vilevile. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanalala ndani ya udongo mpaka mvua nyingine. Kaka wa Kamalondo, ulipolala siku nne pale Kyubo, labda ulikuwa na majirani.

Mutoto_wa_Kamalondo

Ningejua ningewaonea huruma wale kuku 😅

Yaya_Kampemba

Hakuna aliyegusa karatasi. Mdogo wangu, rangi ya kijani ya jeshi iondoe kabla gari halijapanda meli. Mimi nilinunua gari ndogo ya jeshi la nchi moja ya Ulaya, ikaja na rangi yake na namba zake nyeupe ubavuni. Kila kizuizi nilichofika, maswali: wewe ni nani, umeitoa wapi, nani amekutuma. Wengine wananipigia saluti kwanza, halafu ndipo wanakasirika kwamba wamenipigia. Nilipaka rangi ya maziwa wiki ya tatu.

Na usukani wa kulia wa Waingereza hapa kwetu, tunakotembea kulia, ukitaka kumpita mtu unahitaji konvwayeri mwenye macho na mwenye kukupenda.

Ile ya kutogusa chuma chini nayo tusiicheke. Waliopita upande wa Pweto baada ya vita ya Desemba 2000 wanajua. Mtoto akiona chuma kipya porini anaona kitu cha kuchezea.

Mzee_Lufira

Kweli kabisa. Na niongeze la kebo, kwa sababu naona vijana siku hizi wananunua treuli (winchi) za umeme wanafunga mbele. Kebo ya chuma ikikaza, usisimame karibu nayo, wala usiruke juu yake, wala usiishike useme "vuta, vuta". Rudi nyuma kupita urefu wa kebo yenyewe. Weka koti zito au gunia lenye mchanga katikati yake, ikikatika lile gunia linaivuta chini. Nilikuwepo siku moja ilipokatika. Ilipita juu ya vichwa vyetu ikakata tawi la muombo nene kama mkono wangu, na sote tulikuwa tumesimama tunacheka sekunde moja kabla. Tangu siku ile koti langu linalala kwenye kebo, hata kama mvua inaninyea.

Mkitaka nguvu zaidi, msinunue treuli kubwa zaidi. Pitisheni kebo kwenye puli iliyofungwa kwenye mti, irudi kwenye gari. Inavuta polepole mara mbili, lakini nguvu karibu mara mbili.

Bwana_Ruashi

Na kama hakuna muti? Batu ba makala (makaa) balisha kata yote.

Mzee_Lufira

Unazika tairi la akiba, unafunga kebo hapo. Nimelizika mara nyingi, kulizikua ndiyo kazi.

Mutoto_wa_Kamalondo

Nimewasikia. Mama wa Mahindi, hesabu yako imenivua nguo hadharani, lakini asante. Sinunui. Kesho napita kwa Fundi kutafuta huo mdomo wa upepo.

Fundi_Katuba

Uje kabla ya saa nne, baadaye nina injini.

*(wiki saba baadaye)*

Mutoto_wa_Kamalondo

Narudi kwenye uzi kwa sababu niliahidi. Mdomo ulikuwepo, nyuma ya tangi ya pili, umefunikwa na grisi ya miaka. Miaka sita nina kamioni hii!

Tumetoka Mitwaba na magunia 380, mvua ya siku mbili nyuma yetu. Pale pale Kyubo, kamioni tatu zimeshakaa, moja imelala ubavu. Nilisimama juu ya mteremko nikaanza kutoa upepo. Matairi kumi, na kale kachuma ka shemeji ni kamoja, dakika hamsini. Watu wamekaa juu ya mizigo yao wananitazama kama mchawi anayejiroga mwenyewe. Mmoja aliuliza kama nimefiwa. Halafu nikachukua fimbo nikapita kwa miguu. Konvwayeri alikataa kunifuata, alisema yeye si mvuvi. Kulia mfereji ulikuwa unafika kiunoni, juu umefunikwa na maji matulivu kabisa, mwaka jana ndimo nilimoingia. Kushoto kulikuwa na changarawe chini ya tope la kiganja kimoja.

Tulishusha magunia 60, tukayabeba kwa kichwa na abiria (Mama, nililipa mimi). Gia ya kwanza, sikukanyaga, sikubadilisha, sikugusa klachi. Katikati nyuma ilitaka kuteleza kwenda kwenye mfereji, nikashikilia usukani vidole gumba vikiwa nje kama shemeji alivyonifundisha, na vizuri, maana jiwe liliuzungusha kwa nguvu ambayo ingevivunja. Ikajirudi yenyewe. Upande wa pili nilizima injini nikakaa tu.

Kurudisha upepo ilichukua karibu saa mbili, injini ikiunguruma. Na Fundi, usicheke: valvu moja ya pacha la ndani iling'oka. Kama jino.

Wale walionitazama kama mchawi walikuja kuazima mpira wa upepo. Nilimpa shofere wa kamioni ya njano yenye picha ya simba kwenye turubai, akasema ataniachia Likasi kwenye kituo cha mazutu. Hakuacha. Anayemjua amwambie mita kumi na tano, rangi nyekundu, kichwa cha shaba.

Bwana_Ruashi

Ile ya simba? Minamujua. Ule mupira sahabu, hautaona tena.

Mama_wa_Mahindi

Magunia 380 nimeyapokea, mawili yalikuwa na maji. Hayo mawili tutaongea.

Fundi_Katuba

Tairi lilete Jumamosi. Lioshe kwanza.